Oksijeni ya Maji Imetoka kwa Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Tumefundishwa kwamba asidi ya kaboksili ikichemshwa na alkoholi pamoja na matone machache ya asidi ya salfuriki, hupatikana esta na maji. Mwalimu huchora mishale iliyopinda, nasi huikariri. Wataalamu walijuaje mishale ielekee wapi, ilhali hakuna aliyeziona elektroni zikihama?

JIBU: Ni kweli, hakuna aliyeziona. Utaratibu wa mmenyuko, yaani hatua unazopitia, ni hoja inayojengwa juu ya ushahidi, na kwa mmenyuko ulioutaja ushahidi upo. Oksijeni iliyomo katika maji yanayotoka ingeweza kuwa ya asidi au ya alkoholi, na mlinganyo wa ubaoni hauwezi kuamua, kwa kuwa atomu zote za oksijeni huandikwa kwa herufi ileile. Mwaka 1938 wanakemia wa Marekani, Irving Roberts na Harold Urey, walichukua methanoli, alkoholi iliyo sahili kuliko zote, iliyoongezewa oksijeni-18, isotopu nzito (aina ya oksijeni yenye atomu nzito zaidi) ambayo kwa kawaida ni takriban 0.2% tu ya oksijeni yote, wakaimenyusha na asidi ya benzoiki, mojawapo ya asidi za kaboksili. Maji yaliyopatikana hayakuwa na ziada ya oksijeni hiyo nzito. Ilibaki ndani ya esta. Kumbe kifungo cha kaboni na oksijeni katika methanoli hakikuguswa, na kilichovunjika ni kile cha upande wa asidi.

Mishale inaeleza hilo. Mshale huonyesha safari ya jozi ya elektroni, si ya atomu, hivyo huanzia pale jozi ilipo na kuishia inakokwenda. Wengi huteleza hapa kwa kuchora mshale kutoka kwenye protoni (ioni ya hidrojeni, H⁺) kwenda kwenye oksijeni, ilhali protoni haina hata elektroni moja ya kutoa. Kwanza, oksijeni yenye kifungo maradufu katika asidi hupokea protoni, na kaboni iliyoshikana nayo huzidi kupungukiwa na elektroni. Ndipo oksijeni ya methanoli, yenye jozi mbili ambazo hazijatumika, inapoishambulia kaboni hiyo. Kwa muda mfupi kaboni hushikana na makundi manne, kisha protoni huhamia kwenye kundi mojawapo la hidroksili (-OH), nalo huondoka likiwa maji. Mwishoni protoni hurudishwa, ndiyo maana asidi ya salfuriki huitwa kichocheo, yaani huharakisha mmenyuko bila yenyewe kutumika. Hatua zote hizi zaweza kurudi nyuma, na maji yakiwa mengi esta huvunjika kwa njia ileile.

Hata hivyo, usiutumie utaratibu huu kwa kila alkoholi. Ikiwa kaboni yenye hidroksili imeshikana na kaboni nyingine tatu, ioni chanya ya kaboni hiyo huwa imara kiasi kwamba kifungo cha upande wa alkoholi ndicho kinachoweza kuvunjika, na hapo oksijeni ya maji huwa imetoka kwenye alkoholi.