Muulize Bi. Mwalimu: Wananakili, hawafupishi

Bi. Mwalimu, shikamoo. Nafundisha Kiswahili Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa huku Kilifi. Ufupisho umenishinda. Nimewaeleza wasome mara mbili, wapigie hoja mstari, waandike matayarisho, kisha nakala safi. Darasani wananiitikia vizuri. Nikisahihisha madaftari nakuta sentensi za kifungu zimehamishwa zilivyo mpaka idadi ya maneno ikatimia. Darasa lina wanafunzi zaidi ya sitini. Nianzie wapi? — Mwalimu, Kilifi

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Anza kwa kuwanyang'anya kalamu.

Sifanyi mzaha. Mwanafunzi mwenye kifungu mbele yake na kalamu mkononi atanakili, kwa sababu maneno ya mwandishi ni mazuri kuliko yake na yako tayari. Ukimwambia apigie hoja mstari, atapigia karibu kila kitu, maana bado hajajua anatafuta nini. Hatua ulizowapa ni sawa, nami nilizifundisha miaka mingi, ila kuna hatua inayotangulia zote, nayo haiandikwi popote: kuamua. Na mtoto hawezi kuamua kipi kibaki ikiwa hajui aliyeuliza anataka nini.

Chukua aya fupi. Ninyi mko Pwani, basi hii niliyoitunga ya maneno 64 itawafaa:

*Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593 ili kulinda biashara yao katika Bahari ya Hindi. Mnamo 1696 Waarabu wa Omani waliizingira, na baada ya karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi wakaitwaa mwaka 1698. Waingereza nao waliigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Leo ni jumba la makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia. Wanafunzi, watalii na watafiti huizuru.*

Waambie waifupishe kwa maneno yasiyozidi 25. Nakuhakikishia wengi watakuletea sentensi ya kwanza yote, halafu "Mnamo 1696 Waarabu wa Omani waliizingira." Hayo ni maneno 24. Mtoto anaweka kalamu chini ameridhika, na ngome ameiacha imezingirwa! Hatujui kama ilianguka, hatujui kama ipo hadi leo.

Usimkemee. Mwambie afunge daftari, ageukie mwenzake, ajifanye anampigia simu nyanyake na ana salio la shilingi tano. Nyanya anauliza: "Hiyo ngome ina habari gani?" Hapo hakuna atakayeanza na "katika Bahari ya Hindi". Utawasikia: "Ilijengwa na Wareno, Waomani wakaichukua, Waingereza wakafungia watu, sasa ni makumbusho." Huo ndio ufupisho, umekuja bila kalamu. Kazi iliyobaki ni kuusafisha. Darasa likisaidiana ubaoni mnaweza kufika hapa:

*Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kulinda biashara, ilitwaliwa na Waomani, ikafanywa gereza na Waingereza, na sasa ni makumbusho na urithi wa dunia.*

Maneno 23. Waulize miaka imekwenda wapi. Watabishana, na waache wabishane, kwa kuwa wengine watasema mwaka ni jambo muhimu siku zote. Somo la historia limewazoesha hivyo.

Sasa badilisha swali bila kubadilisha aya, kwani hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Waandikie ubaoni: "Eleza jinsi matumizi ya ngome yalivyobadilika." Waomani wanatoka, kuzingirwa kunatoka, UNESCO inatoka: *Ngome ya Yesu ilijengwa kulinda biashara, ikawa gereza, kisha makumbusho.* Maneno kumi yametosha. Halafu uliza: "Ni mambo gani yaliyowadhoofisha waliokuwa ngomeni?" Ghafla njaa na maradhi, ambayo darasa zima liliyatupa mara mbili, ndiyo hoja zenyewe, na yaliyosalia yote ni takataka. Nimeona vijana wakishtuka hapo. Walidhani kuna maneno muhimu na maneno yasiyo muhimu, yamezaliwa hivyo, na kazi yao ni kuyatambua kwa sura. Kumbe swali ndilo linaloamua. Katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza Kidato cha Nne, swali la ufupisho mara nyingi hutaja aya na jambo linalotakiwa, lakini mwanafunzi huruka moja kwa moja hadi kwenye idadi ya maneno. Hoja iliyo kweli na imo katika kifungu, ila haikuulizwa, haimpi alama.

Jambo jingine uwachunge nalo ni vineno kama "baadhi", "huenda", "aghalabu". Wanafunzi hupenda kuvikata kwa sababu vinaonekana havibebi kitu. "Baadhi ya wavuvi hutumia nyavu haramu" inakuwa "Wavuvi hutumia nyavu haramu." Mtoto ameokoa maneno mawili na kuwasingizia wavuvi wote wa Kilifi. Darasa lako bila shaka lina watoto wa wavuvi. Wape mfano huo uone kelele zitakazozuka.

Kuhusu wingi wao: usisahihishe madaftari sitini kila wiki, utachoka na hawatafaidi. Wafanye kazi wawiliwawili, wabadilishane na jozi ya jirani, na kila jozi ijibu jambo moja tu: je, mtu ambaye hajasoma kifungu ataelewa? Wewe chagua fupisho tatu, ziandike ubaoni bila majina, mzirekebishe pamoja. Ukiwa na kipindi maradufu ndicho ukitumie kwa hili. Kipindi kimoja huisha wakiwa bado wanatafuta kalamu ulizowanyang'anya.

Shikamoo Bi. Mwalimu. Niko Kidato cha Nne. Je, "na" na "ya" huhesabiwa katika ufupisho? Rafiki yangu anasema hazihesabiwi. Na nikizidisha maneno kidogo nitakatwa? — Mwanafunzi, Mariakani

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako anakupoteza. Neno lolote linaloandikwa peke yake huhesabiwa: na, ya, kwa, ni, wa. Ukizidisha, unakatwa. Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, ufupisho una alama 15 kati ya 80, na alama nyingine huwekwa kwa ajili ya utiririko, yaani hoja zako zisiwe orodha, zishikane. Sasa ukiokoa maneno kwa kuacha viunganishi vyote, utiririko nao umekwenda.

Wengine wamebuni ujanja wa kuunganisha: "kwasababu", "yakwanza", "nawazazi". Mtahini anaona. Utahesabiwa maneno yote uliyoyabana, na juu yake makosa ya tahajia.

Lugha yetu imekupa njia halali. "Wakati ambapo mvua ilinyesha" ni maneno manne. "Mvua iliponyesha" ni mawili. "Watoto ambao wanasoma", matatu. "Watoto wanaosoma", mawili. "Kwa sababu hawakuwa na fedha", matano. "Kwa kukosa fedha", matatu. Ukikuta orodha, itafutie jina moja: kuku, mbuzi, ng'ombe na kondoo wote ni mifugo. Angalia tu kama swali halikutaka hao wanyama mmoja mmoja. Na mifano ya mwandishi, nahau zake, maneno aliyoyanukuu kutoka kwa mtu, hayo mara nyingi hukatwa ya kwanza.

Nafasi ya matayarisho itumie. Ndipo pa kukatakata na kuhesabu. Nakala safi isiwe na vistari vya kufuta kila mahali kama uwanja wa kuku.

Salamu Bi. Mwalimu. Binti yangu wa Kidato cha Tatu akiwa likizoni hupiga picha kurasa za kitabu kwa simu yangu, kisha akili mnemba inamfupishia. Anasema hata walimu wanaitumia. Nimkataze? — Mama, Voi

Mzazi mwenzangu, kumkataza utashindwa, simu ni ndogo na nyumba ina pembe nyingi. Mpangie utaratibu. Aandike ufupisho wake kwanza kwa mkono, ndipo auombe wa simu. Kisha akae na kitabu chenyewe aonyeshe mambo mawili: simu imeacha nini kilichofaa kubaki, na imetia nini ambacho mwandishi hakusema. Programu hizi huandika kwa ufasaha hata zinapokosea, na mtoto asiyekisoma kitabu hawezi kuzikamata. Chumba cha mtihani hataingia na simu.

Wewe nawe unaweza kumpima bila kitabu. Saa moja usiku, taarifa ya habari ikianza, nenda jikoni umwache aitazame. Ikiisha, muulize kumetokea nini nchini, na unataka jibu kabla ugali haujaiva. Kisha muulize swali moja zaidi: "Na kwa nini waligoma?" Akikujibu, ameelewa. Akianza tena tangu mtangazaji alipotoa salamu, mrudishe sebuleni kesho yake.