Mtoto amepata IQ 78 kwa simu, ndiyo kusema hana akili?

Swali: Kijana wangu ana miaka tisa, yuko Gredi ya 4. Mwalimu alisema yuko nyuma kwa kusoma, nikampa mtihani wa IQ wa bure kwa simu akapata 78. Tena kuna watu wamekuja shuleni wakaskani vidole vya watoto, wanasema alama za vidole zinaonyesha akili, ripoti ni shilingi 6,000. Hiyo 78 ni ya maisha? Nilipe? (Mama, Umoja)

Jibu: Mama, hiyo pesa usilipe, na hiyo 78 isahau kabisa. Wazazi wenye swali kama lako nawaona kila mara, na mara nyingi mtoto mwenyewe ameketi hapo kando anasikia akitajiwa namba yake.

Kinachoniuma zaidi ni hii imani ati IQ ni kitu kiko ndani ya kichwa, unakipima vile unapima kilo. Hapana. IQ ni nafasi tu, mtoto amefanya aje akilinganishwa na wa umri wake waliofanya kipimo hicho hicho. Wanaokitengeneza huchukua kundi kubwa la watoto, wanapanga alama hadi wastani unakuwa 100, na kwa huo mpango karibu 68 kwa kila 100 wanaangukia kati ya 85 na 115. Sasa hiyo programu ya simu ilimlinganisha kijana wako na nani, watoto wa wapi, ama ni watu wazima? Ni kama kuambiwa mtoto amekuwa namba 40 na hujui ni darasa gani.

Na hakuna mahali imeandikwa ni ya maisha. Wafaransa Alfred Binet na Théodore Simon walipotoa kipimo chao cha akili Paris mwaka 1905, walikuwa wanatafuta mtoto gani asaidiwe darasani, na Binet mwenyewe aliwapinga sana waliosema akili haiongezeki. Hapa kwetu Embu, watafiti walipima watoto 1984, wakarudi 1998 wakapima wengine wa umri kama huo, na wale wa pili wakafanya vizuri zaidi na kwa mbali sana. Miaka 14 tu! Watafiti walitaja lishe na wazazi kujua kusoma kama sababu.

Kipimo cha ukweli kama WISC, kipimo cha akili cha watoto, ni mtu na mtu, kinaweza kupita saa moja. Nampa mtoto vibao vya nyekundu na nyeupe apange mchoro nikishika saa, namsomea namba azirudie, halafu azirudie kinyumenyume. Na siangalii alama peke yake. Kuna mtoto anainama hadi pua inakaribia karatasi, huyo shida inaweza kuwa macho, kuna anayeangalia midomo yangu kila nikiongea, huyo nashuku masikio, na kuna anayejua jibu vizuri kwa Kiswahili lakini swali limekuja na Kiingereza. Simu ingewapa wote watatu 78 na isijue tofauti.

Hao wa vidole ndio wabaya zaidi kwa sababu wanaingia na ruhusa ya shule. Alama za vidole zinajichora mtoto akiwa bado tumboni na hazibadiliki, haziwezi kukuambia kama anaelewa hesabu. Chama cha madaktari wa akili cha India, ambako hii biashara imeenea sana, kilishasema wazi haina msingi wa sayansi. Lakini wanakuletea ripoti ya rangi, ati mtoto ni wa ubongo wa kulia, mpeleke sanaa, na mzazi anamtoa mtoto hesabu kwa sababu ya kidole!

Wako mpeleke kwanza apimwe macho na masikio. Yakiwa sawa, uliza shuleni wakuelekeze kituo cha EARC, hao ni wa serikali na kazi yao ni kutathmini watoto wanaopata shida shuleni. Kuwa nyuma kwa kusoma inaweza kuwa disleksia, na mtoto wa disleksia anaweza kuwa na akili timamu kabisa ila herufi zinamsumbua.

Na wazazi wengine mnaosoma hapa, mtu akitaka kumpima mtoto wako akili, muulize amesajiliwa na bodi ya makaunsela na wanasaikolojia, hicho kipimo kililinganishwa na watoto wa wapi, na atakaa na mtoto kwa muda gani. Akianza kuzunguka, chukua mtoto muende nyumbani.