Mwili Haukuwa Mzima: Profesa wa Harvard Alitiwaje Hatiani?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anayesoma sheria ameniambia kwamba zamani profesa wa Harvard, Marekani, alinyongwa kwa kumuua mtu ambaye mwili wake haukupatikana mzima. Mahakama ilithibitishaje, na je, alikusudia kuua? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, binti yako hakukosea. Dkt. George Parkman, tajiri wa Boston, alitoweka tarehe 23 Novemba 1849, baada ya kuonekana akielekea chuo cha tiba cha Harvard, kilichojengwa kwenye kiwanja alichokitoa mwenyewe. Humo alifundisha kemia Profesa John White Webster, mdeni wake, ambaye alikuwa ameweka rehani mkusanyiko uleule wa madini kwa watu wawili, Parkman akiwa mmoja wao.

Polisi walipekua jengo wasione kitu. Aliyefumbua fumbo ni mhudumu wa jengo, Ephraim Littlefield, aliyeona milango ya maabara imekomewa na ukuta wa nyuma ya tanuri una joto lisilo la kawaida, na aliyezidi kushuku pale Webster, ambaye hakuwa na desturi ya kumpa chochote, alipomzawadia bata mzinga wa sikukuu. Akashuka chini ya jengo, mkewe akimlindia juu, akatoboa ukuta wa shimo la choo cha profesa, akakuta nyonga na vipande vya mguu.

Hata hivyo, viungo vya maiti katika jengo ambamo wanafunzi hupasua maiti si ushahidi mzito. Kilichomwangusha Webster, kwa maoni yangu, ni meno. Daktari wa meno Nathan Keep, aliyemtengenezea Parkman meno bandia mwaka 1846, alikuwa bado ametunza kalibu zake za plasta, na mabaki ya meno yaliyookotwa katika majivu ya tanuri yalilingana nazo. Jaji Lemuel Shaw akawaelekeza waamuzi, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi, kwamba haihitajiki yakini kamili juu ya mwili ule, bali uthibitisho usioacha shaka ya msingi, nao wakamtia hatiani Machi 1850.

Kuhusu kusudio, mahakama ilijibu ndiyo. Baadaye Webster alikiri kuua, ila akadai kwamba alimpiga Parkman kwa kipande cha ukuni kwa hasira, baada ya kutukanwa kwa ajili ya deni. Dai hilo naliona lina uzito, maana ni vigumu kuamini kwamba aliyepanga mauaji angemwita mdai wake chuoni mchana, siku ya kazi. Gavana wa jimbo, aliyeombwa ampunguzie adhabu, hakushawishika, na Webster akanyongwa tarehe 30 Agosti 1850.