Unapoanza Kuhoji Uliyofundishwa Nyumbani

Msichana aliyelelewa kwa uangalizi wa karibu, aliyechaguliwa marafiki na vitabu, huona swali lake la kwanza kama dhambi. Si dhambi, ni umri. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget alieleza kuwa kuanzia miaka 11 au 12 hivi akili huanza kupima mambo ya kufikirika. Wasiwasi unaokuja na kutafuta si ushahidi kwamba umepotea. Wala si ushahidi kwamba wazazi walikudanganya.

Kinachochosha ni kuhoji yote kwa mkupuo. Andika fundisho moja tu, kwa maneno yale yale unayoyasikia nyumbani, kisha jiulize ni la aina gani. Linaeleza jinsi ulimwengu ulivyo? Hilo lichunguze kwa ushahidi. Linaamuru tabia, kama kutosema uongo? Lipime kwa matokeo yake na kwa dhamiri yako. Au ni desturi ya familia tu, kama mavazi? Uliza ilianza lini na kwa sababu gani. Ukiyachanganya haya matatu, siku desturi moja ikianguka utadhani kila kitu kimeanguka.

Kabla ya kusoma wanaolipinga fundisho hilo, lieleze kwa namna ambayo mama yako angesema, "Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyoamini." Usipoweza, bado hujalielewa vya kutosha kulikataa. Na usikate shauri wiki mliyogombana. Hapo hasira ndiyo inayoamua.

Ukiwa tayari kuzungumza, chagua mzazi mmoja na saa tulivu, si mezani mbele ya wadogo zako. Peleka swali, usipeleke hukumu: "Mama, wewe ulifikaje kuliamini hili?" Ukianza na "Siamini tena," atasikia kwamba unamkataa yeye, na mazungumzo yataishia hapo.

Lakini kama nyumbani kuna hatari ya kipigo, kufukuzwa, kuachishwa masomo au kuozeshwa, nyamaza kwanza. Kunyamaza kwa usalama si unafiki. Mtafute mtu mzima wa kuaminika nje ya nyumba: mwalimu, muuguzi, shangazi. Jua pia kwamba kuvinjari kwa faragha kwenye simu hakuifichi historia yako kwa programu ya uangalizi iliyowekwa humo. Na mtu wa mtandaoni anayekupa majibu yote haraka, kisha akakutaka umfiche kwa kila mtu, achana naye hata kama anakubaliana nawe.

Hatia huchelewa kuondoka. Unaweza kuwa umeshaamua kwa utulivu, na bado moyo ukadunda unapovunja kanuni ya zamani, kwa sababu hofu iliyofundishwa utotoni haifutwi na hoja moja. Ipe miezi. Ila ukijikuta unarudia sala ileile mara nyingi kwa kuogopa umekosea, au unaungama jambo moja kila siku bila kupata nafuu, hilo si swali la imani tena. Mweleze mtaalamu wa afya ya akili. Wasiwasi wa namna hiyo unatibika, na si lazima uiache imani yako ndipo upone.