Picha za Baba Zisiishie Uvunguni

Matanga yakishaanuliwa, ndugu hukaa kugawana shamba, ng'ombe, hata makoti. Picha alizochora marehemu kwa mapenzi yake tu, hakuna anayeziulizia. Mimi nasema hizo ziwahiwe mapema.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Tukuyu. Jioni alichora Mlima Rungwe, migomba na akina mama wakichuma chai, kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi. Vifaa ni vilevile alivyotumia Edward Saidi Tingatinga, mwasisi wa picha za Tingatinga na mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968: rangi ya dukani inayong'aa na ubao wa bei nafuu. Kazi yangu ilikuwa kuosha brashi kwa mafuta ya taa na kujaza kijani cha mashamba ya chai. Ukungu wa mlimani aliuchora mwenyewe, maana ndio mgumu. Leo nikizitazama naona kabisa mkono wake umeishia wapi na wangu umeanzia wapi.

Adui wa kwanza ni unyevu. Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na hadibodi ikinywa maji huvimba kingo na rangi kubanduka. Usizifunge kwenye nailoni, usiziegemeze ukutani chini, na jiko la kuni liwe mbali. Vumbi lifute kwa kitambaa laini kikavu. Zipige picha kwa simu nje, kivulini, ili zisimetemete.

Halafu, na hili ndilo kubwa, zipeleke kwa wazee wangali hai. Shangazi alitutambulishia watu ambao sisi tuliwaona wachuma chai tu. Mmoja ni bibi yetu mzaa baba. Majina hayo niliyaandika nyuma kwa penseli siku ileile.

Usikubali mtu "azipendezeshe" kwa rangi mpya, hata awe fundi. Baba aliacha ubao mmoja una mistari ya penseli tu. Huo hatuugusi. Tuliunakili kwenye ubao mwingine, na wanangu ndio wanaoupaka rangi; shangazi anawaelekeza kitenge cha bibi kilikuwa cha rangi gani.

Kama kwenu aliyekuwa na kipaji ni mama, na alichoacha ni vitambaa vya makochi alivyofuma mwenyewe, anza na yule aliyekuwa akikaa naye akimshikia uzi.