Kwa mgeni katika sera za umilisi: anza na krediti, cheti kitafuata

Ukiajiriwa katika idara ya elimu ya jimbo lolote la Marekani, utasikia wengi wakitaka cheti cha kuhitimu sekondari kibadilishwe mara moja, kitolewe kwa umilisi, yaani kwa mwanafunzi kuonyesha kwamba amelimudu somo. Wewe anza na krediti, yaani vipande vya masomo vinavyohesabiwa hadi kufikia cheti hicho.

Krediti moja huko kwa desturi ni saa 120 za darasani, kipimo kilichotokana na Taasisi ya Carnegie mwaka 1906. Aliyekaa darasani hadi mwisho akaambulia D, alama ya chini ya kufaulu, anaipata sawa na aliyelimudu somo. New Hampshire ilikata kamba hiyo mwaka 2005: kanuni mpya zilizitaka wilaya za shule zitoe krediti kwa umilisi, zikapewa hadi mwaka wa masomo wa 2008–09 kujipanga.

Maine iligusa cheti chenyewe. Sheria ya 2012 ilidai umilisi katika maeneo manane, sanaa na lugha za kigeni zikiwemo. Mwaka 2018 sharti hilo likaondolewa, wilaya zikaachiwa hiari. Kila wilaya ilikuwa imejiamulia umilisi ni nini, basi alama ya 3 ya hapa haikuwa 3 ya kule. Wazazi nao, walipoona alama za 1 hadi 4 mahali pa A na B, wakahofia vyuo vitawakataa watoto wao. Hofu hiyo ilistahili kujibiwa kabla ya sheria kupitishwa.

Kwa hiyo tenga fedha za walimu kusahihisha pamoja. Hapa ndipo bajeti hukatwa kwanza, na ni kosa. Chukua kazi sita za wanafunzi, ficha majina, kila mwalimu asahihishe peke yake, kisha mlinganishe. Wakipishana ngazi mbili, kasoro mara nyingi iko kwenye rubriki, yaani jedwali la vigezo vya kusahihishia: maneno kama “vizuri” na “kwa kina” kila mtu huyasoma kivyake. Andika kinachoonekana, mfano “ametumia vyanzo viwili vinavyopingana”. New Hampshire, kwa ruhusa ya serikali kuu ya mwaka 2015, ilijenga upimaji wa wilaya chache juu ya kazi za pamoja za namna hii, na mtihani wa jimbo ukabaki katika madarasa machache tu.

Ratiba nayo isisahauliwe. Anayemaliza umilisi Februari aende wapi? Asiyemaliza hadi Juni, mwaka wa masomo unapoisha, atafundishwa na nani, kwa mshahara wa fungu gani? Na anayehamia jimbo jingine katikati ya mwaka atahitaji nakala ya matokeo inayosomeka kule: weka ufunguo wa alama kwenye ukurasa uleule, si kwenye kiambatisho.