Kalambo siku moja na mzee: inawezekana, ila angalia saa

Mkuu uliyeuliza kama maporomoko ya Kalambo yanafaa kwenda na kurudi siku hiyohiyo kutoka Sumbawanga, tena ukiwa na mzee wa miaka sitini na ushee: yanafaa. Mimi nimekwenda mara mbili, na mara zote mbili nilichemka.

Mara ya kwanza nilikosea msimu. Nilikwenda Oktoba, nikakuta maji yamebaki kama uzi unaoning'inia mwambani. Nenda Mei au Juni, mvua zimekata, njia imekauka na mto bado una nguvu.

Sumbawanga hadi Matai ni lami. Matai chukua bodaboda hadi Kapozwa, na elewana bei ya kwenda na kurudi kabisa, maana kule hutapata nyingine ya kukurudisha.

Matembezi yenyewe ni mafupi. Ila ukifika juu, pale maji yanapoachia mwamba, huoni kitu cha maana. Mto unatambaa, halafu haupo. Hata kishindo ni kidogo kuliko nilivyotegemea, kwa kuwa maji yanatua zaidi ya mita 220 chini bila kugusa popote. Victoria, ambako watu wanapanda ndege kwenda kupaona, ni mita 108. Ili uuone urefu huo inabidi ushuke ngazi za ubavuni mwa bonde. Kushuka utapiga soga. Kupanda kila mtu ananyamaza. Mzee wako ashuke kidogo tu, apate pa kukaa, akusubiri. Hatapoteza mengi, kwani pale juu anawaona ndege.

Ndege wenyewe ni korongo, tena wanaishi kwenye korongo (Kiswahili bwana!). Ni wale wakubwa wenye mfuko shingoni, ambao mjini tunawadharau wakichakura majalalani. Hapa wanajenga viota kwenye kuta za mwamba wakati wa kiangazi, nawe unawatazama kutoka juu wakielea chini yako, mbawa wazi. Nilikaa hapo kuliko mahali pengine popote.

Ng'ambo ni Zambia. Upande huo, juu kidogo ya maporomoko, ndiko yalikofukuliwa magogo mawili yaliyochongwa yakapachikana. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kuwa yana miaka kama 476,000. Watu wa aina yetu hawakuwepo bado. Usitegemee kuyaona kutoka kwenye ngazi, na usivuke mto kienyeji, huo ni mpaka wa nchi.

Na mpaka huo ndio ulioniponza mara ya pili. Nilipatana na kijana wa bodaboda tuonane saa kumi. Nikiwa chini simu ikadaka mtandao wa Zambia, saa ikajirudisha nyuma saa nzima, mimi sina habari. Nikapanda taratibu, napumzika, napiga picha, nikafika juu simu ikisema saa kumi kasoro dakika tano. Najiona mtu wa kuaminika! Kijana kanuna. Nikamwonyesha simu, akacheka: "Kaka, hiyo saa ya Zambia."

Matai tulifika giza limeshaingia, magari ya Sumbawanga yamekwisha, nikalala gesti. Zima ile saa ya kujibadilisha yenyewe kabla hujaondoka Matai, au vaa ya mkononi.